Halbadiri ya Betri

Mimi sijaibiwa mara nyingi maishani, kwa sababu sijampa mtu nafasi. Karakana yangu ya baiskeli hapa Nianjema, Bagamoyo, ina kufuli mbili, na nikienda kuswali hata pampu naiingiza ndani. Watu hunicheka. Husema Mbaruku akishapeana mkono na mtu huhesabu vidole vyake kwanza ndipo aulize hali. Wacheke. Kikulacho ki nguoni mwako, na hao hao wanaocheka ndio wanaokuja asubuhi kuniuliza kama nimeona mtu akipita na baiskeli yao.

Naanza na hayo ujue kwamba mkasa wa betri haukunikuta nimelala. Nilikuwa macho kuliko siku zote, na ndiyo maana unaniuma mpaka leo.

Baiskeli yenyewe ni ya Mwalimu Adila. Mwanamke huyo anafundisha sekondari, na siku za mapumziko anashindana mbio. Chumba alichopanga hakina nafasi hata ya kugeuza ndoo, kwa hiyo baiskeli hukaa kwangu wiki nzima. Jumamosi asubuhi anaichukua, anashika njia ya Msata mpaka Lugoba, anarudi mchana chumvi imemkaukia usoni. Jumapili mimi naisafisha, naupaka mnyororo mafuta, nachaji betri, kisha naitundika.

Ndiyo, betri. Baiskeli ile haina waya wa gia. Mwendeshaji anabonyeza kitufe kwenye usukani, na kule nyuma kuna kimota kinachopata habari hewani kama redio, kinasukuma mnyororo kutoka gia hii kwenda ile. Unasikia zii, basi, imeshaingia. Kimota hicho kinakula betri ndogo ya ukubwa wa kibiriti iliyochomekwa mgongoni mwake. Mbele kuna kimota cha pili na betri yake, sawasawa na ile ya nyuma. Betri ikijaa inatosha saa sitini za kuendesha. Adila kwa wiki anaendesha saa sita au saba. Hata kama hukusoma, utaona kwamba betri iliyojaa Jumapili haiwezi kuisha Jumamosi.

Mimi ni fundi wa spana na spoku, na baiskeli hiyo nisingeielewa bila Ausi. Ausi ni mtu wa Kiwangwa, ana miaka thelathini na mbili, na tumefanya kazi pamoja miaka saba. Yeye ndiye aliyesoma kijitabu chake cha maelezo mpaka ukurasa wa mwisho. Tena alikuwa amemposa binti yangu Shufaa, nikamkubali, na ndoa ilipangwa Mfungo Mosi, baada ya Idi. Kukubali kwangu si jambo dogo. Kabla yake nilishawakataa wawili, mmoja kwa sababu alikuwa anacheka kabla sijamaliza kusema.

Mwishoni mwa Rajabu niliitoa baiskeli ya Adila kwenye ndoano ya karibu na dirisha, nikaihamishia ukuta wa nyuma kabisa, ambako mpita njia haioni.

"Baba," Ausi akasema, "kama inakaa siku zote hizo bila kuendeshwa, tutoe betri tuziweke kwenye kopo. Kijitabu ndivyo kinavyosema."

"Tuziweke kwenye kopo," nikamwambia, "ziote miguu?"

Akacheka, na mimi nikacheka. Betri zikabaki kwenye baiskeli.

Jumamosi iliyofuata simu yangu ililia saa mbili asubuhi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwalimu. Uko wapi?"

"Nimefika Kiwangwa. Gia imekufa. Imeganda kwenye ile nzito, na mbele yangu ni kupanda tu." Akapumua. "Samahani kuuliza, fundi. Ulichaji?"

Kumwuliza fundi wa miaka ishirini na sita kama alichaji ni sawa na kumwuliza imamu kama ana udhu. Nilimjibu kwa adabu, lakini siku hiyo chakula cha mchana sikukimaliza.

Mimi na Ausi tukaanza kutafuta ugonjwa. Kwanza tukazibadilisha betri nafasi, ya mbele ikaenda nyuma na ya nyuma ikaja mbele, maana kama betri moja ni mbovu, ubovu utahama nayo. Jumamosi ya pili zote mbili zilikuwa zinapepesa nyekundu. Tukatazama vile vishaba ambapo betri inagusana na kimota, kwa sababu hewa yetu ya chumvi inakula hata bawaba za milango. Tukavifuta kwa kitambaa chenye spiriti vikang'aa. Chaja niliipeleka nyumbani kwangu, kwenye umeme mwingine, ikajaza vizuri. Tukatazama kama kitufe cha usukani kimenasa, maana kitufe kikibaki kimebonyezwa kinamaliza chaji bure. Hakikuwa kimenasa.

Hapo mashine ilikuwa imeshajitetea. Kanuni yangu ni kwamba mashine isipokuwa na kosa, anayefuata kuulizwa ni mtu. Na watu wenye ufunguo wa karakana tulikuwa wawili, mmoja wao mimi.

Nikaanza kuifuatilia taa. Kimota kina taa ndogo: ikiwaka kijani betri iko hai, ikiwa nyekundu inakaribia kuisha. Jumatatu kijani. Jumatano kijani. Alhamisi jioni kijani. Jumamosi asubuhi nyekundu. Basi wizi unafanyika Ijumaa. Na Ijumaa mimi nikishakwenda kuswali sirudi kazini, napitia kwa dada yangu kumjulia hali. Anayefungua alasiri ni Ausi, peke yake. Sikutaka kuamini, lakini taa haina undugu na mtu.

Sababu nayo niliipata, maana sababu ukiitafuta hukosi. Kuna fundi mwenzangu wa upande wa sokoni anaitwa Twalha. Kwa muda mrefu amemtaka Adila awe mteja wake, na ana wateja wawili wanaotumia betri za aina hiyo hiyo. Ausi na Twalha huswali safu moja. Nikauona mpango mzima: Ijumaa betri zilizojaa zinatoka kwangu, zinakwenda kwa watu wa Twalha, zinarudi zimenyonywa. Adila anachoka, anahama. Ausi anahama naye, huku binti yangu tayari ni mke wake. Nilimwona mkwe wangu akinicheka mbele ya watu, na nikakasirika kwa jambo ambalo bado halijatokea.

Nikaamua kutega. Nilimwomba Shufaa uzi. Yeye anashona nguo pale nyumbani, na kila jioni nilikuwa namsimulia upelelezi wangu huku akipiga pasi. Nilimsimulia kwa sababu yeye ndiye mwenye kuolewa. Hakulia wala hakunikatiza. Alipekua kikapu chake akanipa uzi mweusi, mwembamba.

"Mweupe atauona," akasema.

Alhamisi jioni niliizungushia betri ya nyuma uzi huo, nikaufunga kwenye msumari ukutani. Chini nikanyunyiza unga. Unga sikuununua. Nyuma yetu ni mashine ya kusaga ya Bi Mwanamkasi, na tangu mwishoni mwa Rajabu kila nyumba inasaga unga wa Ramadhani, mashine inanguruma toka asubuhi mpaka magharibi. Vumbi lake jeupe liko kila mahali. Nilikomba tu kwenye kizingiti cha dirisha.

Jumamosi uzi ulikuwa pale pale. Unga haukuwa na alama hata ya unyayo wa paka. Taa nyekundu.

Mtu mwingine angesema basi, hakuna aliyegusa. Mimi nilisema, kumbe ni hodari kiasi hiki! Uzi ameufungua akaufunga tena. Unga ameukanyaga akanyunyiza mwingine. Nikamwogopa zaidi.

Adila alikuja, akatoa simu yake iliyo na programu ya kuisoma baiskeli.

"Fundi, tazama. Tangu Jumamosi iliyopita gia haijabadilishwa hata mara moja. Hakuna aliyeiendesha."

"Ndiyo," nikamwambia. "Baiskeli haikutoka. Zilitoka betri."

"Na uzi huu, mbona uko mzima?"

"Mwalimu, wewe unafundisha watoto. Watu wazima huwajui."

Alinitazama, akasubiri saa nzima nichaji ndipo akaondoka. Mchana huo, Ausi akiwa amechuchumaa anaziba pancha, nikamsimamia.

"Ausi, betri unampelekea nani?"

"Betri gani, baba?"

"Za mwalimu. Ijumaa."

Aliuweka chini mpira aliokuwa anaukwangua. Kwanza alitabasamu, akidhani namtania, maana huwa tunataniana. Kisha akaona.

"Baba, unanishuku mimi?"

"Sikushuku. Nakuuliza."

"Lete msahafu niape."

"Aliyeweza kuiba hashindwi kuapa."

Alinyanyua mpira wake, akaziba ile pancha mpaka mwisho, akajaza upepo, akasikiliza kama unavuja. Utulivu wake nao niliutia shaka.

Jioni nilikwenda kwa Maalim Amiri kumwomba anisomee halbadiri, kile kisomo cha kumshitaki mbaya wako kwa Mungu, umjue usimjue, akatambulikana kwa yatakayomfika.

Maalim alivua miwani. "Halbadiri? Kwa betri ya baiskeli?"

"Si kwa betri, Maalim. Kwa binti yangu. Simkabidhi kwa mtu nisiyemjua."

"Umekaa naye miaka saba. Kama humjui mpaka leo, mashahidi wa Badiri watakusaidia nini?"

"Watanionyesha."

"Na kama hakuna mwizi?"

"Yupo."

"Mchimba kisima huingia mwenyewe, Mbaruku. Kisomo kile kikikosa wa kumwendea hurudi kwa aliyekituma." Alinisubiri nirudi nyuma, sikurudi. Akashusha pumzi. "Basi litolewe tangazo, siku saba. Mwenye neno aje alitoe kwa hiari."

Jumapili baada ya adhuhuri likatangazwa: mwenye habari za betri za karakana ya Mbaruku ajitokeze, Jumapili ijayo alasiri inasomwa. Ausi alikuwa safu ya pili. Alitoka kabla ya dua. Nilipofika karakana nilikuta ufunguo wake juu ya meza, na spana zake zote zimefutwa mafuta, zimepangwa kwa namba.

Wiki hiyo nilijifunza nguvu ya halbadiri hata kabla haijasomwa. Jumatatu mzee mmoja aliniletea spana ya kumi na saba niliyoitafuta tangu mwaka juzi, akasema ameikuta mfukoni mwake. Jumanne Bi Mwanamkasi alikuja amejitanda kanga, akakiri kwamba kuku wangu mweupe anataga kwake na mayai amekuwa akiyala. Jioni ile ile mke wangu Hajra alinisogelea. "Baba Shufaa," akasema, "ile redio yako haikuanguka yenyewe." Mtaa mzima ulikuwa unatapika. Nilifurahi, nikajua dawa inafanya kazi na habari ya betri iko njiani.

Alhamisi alikuja Bi Mwanvita, mama yake Ausi, kutoka Kiwangwa. Alikaribishwa mkekani, akakataa maji.

"Bwana Mbaruku, sikuja kugomba," alisema. "Soma. Sisi hatuogopi, mwanangu hana kitu. Ila mjue, mkishasoma hakuna ndoa. Siwezi kumwoza mwanangu kwenye nyumba iliyomshitaki kwa Mungu."

"Asiye na kitu hana cha kuogopa, bibie."

"Haogopi. Anaumia tu. Chakula hali, wala usingizi haupati."

Hilo la kutokula nililiweka akilini kama ushahidi. Alipoondoka, Hajra alinigeukia. Machozi yalikuwa yanamlengalenga.

"Baba Shufaa, kiondoe hicho kisomo."

"Nikikiondoa nitajuaje?"

"Watu wote wanaoana bila kujua!" akasema, akaingia jikoni. Shufaa alikuwa amekaa mlangoni anatarizi. Hakuinua kichwa.

Kufuli zote mbili nilikuwa nimezibadilisha tangu Jumapili. Ijumaa sikwenda kwa dada. Nilitoka msikitini moja kwa moja, nikageuza ndoo, nikaikalia mbele ya mlango wa karakana mpaka magharibi. Hakuingia hata nzi. Jumamosi asubuhi nikafungua, Adila yuko nyuma yangu, tukaenda mpaka ukuta wa nyuma.

Taa ilikuwa inapepesa nyekundu.

Nilisimama pale nikishika funguo mfukoni, zote, na hakuna mwingine mwenye nazo.

"Labda ni mashetani," nikasema.

Adila hakucheka. Alikuwa anaitazama simu yake amekunja uso.

"Fundi, umeigusa baiskeli?"

"Sijaigusa."

"Basi ajabu. Ikitulia dakika chache inalala, na ikilala simu haiioni mpaka uitikise. Ndivyo inavyotunza chaji. Hii hujaigusa na simu inaiona. Iko macho."

Nyuma ya ukuta mashine ya Bi Mwanamkasi ilikuwa inasaga. Baada ya muda mkanda wake ukachomoka, kama kawaida yake, ikanyamaza. Tulimsikia Bi Mwanamkasi akimpa mtu maneno. Tukasubiri. Adila akanigeuzia simu: baiskeli imepotea kwenye kioo. Imelala. Mkanda ukarudishwa, mashine ikanguruma, na pale pale, bila mkono wa mtu, baiskeli ikatokea tena.

Niliweka kiganja ukutani. Ukuta ulikuwa unatetemeka. Nikaishika ndoano, inatetemeka. Mnyororo nao ulikuwa unatikisika, kidogo mno, usingeuona kama hukuwa na sababu ya kuutazama. Betri zilidhani zinaendeshwa. Kutwa nzima zilikaa macho zikingoja kitufe kibonyezwe, saa kumi na mbili kwa siku, kuanzia Jumatatu mpaka Jumamosi. Na ile taa ya kijani haikuwa inasema imejaa. Ilikuwa inasema bado ipo, mpaka Ijumaa ikawa haipo.

Mwizi hakuwapo. Baiskeli niliihamishia ukuta ule mwenyewe kumkimbia mwizi, na betri nilikataa kuzitoa nikimkimbia mwizi huyo huyo. Niliona aibu ambayo sijapata kuiona tangu nizaliwe.

"Fundi," Adila akasema polepole, "Ausi yuko wapi?"

Nilimtolea betri, nikamchajia, nikamwambia kuanzia leo zinakaa kwenye kopo. Kisha nikaenda kwa Maalim Amiri.

"Usisome," nikamwambia kabla hata sijaketi.

"Alhamdulillahi." Hakuniuliza lolote. "Lakini tulitangaza kwa sauti, na kufuta tutafuta kwa sauti ile ile. Utasimama mwenyewe useme."

Nikakubali. Nikachukua bodaboda kwenda Kiwangwa.

Ausi nilimkuta uani kwao, amepindua baiskeli ya jirani miguu juu, pembeni kuna tenga la mananasi. Bi Mwanvita alikuwa kwenye mkeka anamenya mihogo. Nikapiga hodi. Ausi akainuka, akajifuta mikono.

"Shikamoo, baba."

Angenitukana ningepumua. Ile shikamoo ilinichoma.

"Marahaba. Nimekudhulumu, Ausi. Nimekuja kuomba radhi, kwako na kwa mama."

Nikawaeleza yote, ukuta, mashine, taa, sikuacha hata habari ya ndoo niliyoikalia. Bi Mwanvita alimaliza kumenya muhogo aliokuwa nao mkononi.

"Mwezi unaingia," akasema. "Hatuwezi kuingia Ramadhani na kinyongo. Mimi nimesamehe."

Ausi alikuwa ameinamisha kichwa. Kumbe anafikiri.

"Inatetemeka kiasi cha kuiamsha?" akauliza. "Ukuta wa tofali?"

"Wa tofali. Na nondo ya ndoano imepita ndani."

"Ndiyo! Nondo ndiyo inayobeba." Macho yakamwaka. "Mbona hata mimi sikuwaza! Nilijua ukiibeba kwenye gari lazima utoe betri, kwa sababu ya mtikisiko. Lakini ukuta!" Akacheka, na mimi nikacheka, na kwa muda kidogo tulikuwa karakana, tumeinamia kitu kimoja, vichwa vimekaribiana. Nilifurahi mpaka nikamshika bega.

"Basi Jumatatu uje kazini. Na tarehe ya ndoa ibaki ile ile."

Mkono wangu ukabaki begani kwake, lakini yeye alikuwa ameshaacha kucheka.

"Kazini nitakuja, baba. Wewe nimekusamehe, wallahi. Fundi akikosa jibu hushika chochote kilicho karibu, na mimi nilikuwa karibu." Alizungusha gurudumu la ile baiskeli kwa kidole, akalisimamisha. "Shufaa alinipigia simu Jumatano."

"Alisemaje?"

"Nilipoona jina lake nilishukuru. Nikasema huyu angalau atanipa pole. Baada ya salamu akaniuliza, 'Ausi, ule uzi uliufungaje tena?' Hakuuliza kama niliufungua. Aliuliza niliufungaje."

Bi Mwanvita alichukua muhogo mwingine, akauweka tena sinia bila kuumenya.

"Nilijibu sijui uzi gani," Ausi akasema. "Akakata simu. Tangu hapo najiuliza. Leo ni betri. Kesho nitachelewa kurudi, nitakuwa nimenunua samaki tu, yeye atakuwa ameshafunga uzi. Siwezi, baba. Mwambie ulichokiona. Akiamini, anipigie mwenyewe, na mimi nitakuja na wazee wangu kama tulivyopanga. Asipoamini, asinipigie."

Njia nzima ya kurudi nilikuwa napanga maneno. Nilijua naweza. Kama kuna mtu ninayejua kumweleza jambo likamwingia, ni Shufaa. Mambo yote ya dunia nimemweleza mimi.

Nilifika nyumbani jua bado halijazama. Shufaa alikuwa kwenye cherehani, anaunga mikono ya gauni la mtu. Nikavuta kigoda. Nikamweleza kwa utaratibu, mashine iliyonyamaza, simu iliyopoteza baiskeli, mashine iliyowaka, baiskeli iliyorudi. Nikamwambia nimeweka kiganja changu hiki ukutani. Nikamwambia Ausi hana kosa hata chembe, na anangoja simu yake.

Aliacha kukanyaga cherehani. Alisikiliza mpaka mwisho, na uso wake ukaanza kulegea. Hajra alikuwa amesimama mlango wa jikoni na mwiko mkononi. Shufaa akachukua simu, akatafuta jina, akalipata. Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo.

Kidole chake kikasimama juu ya kioo.

"Ulikuwa na nani, baba, ulipoyaona hayo?"

"Na Mwalimu Adila. Simu iliyoonyesha ni yake."

"Adila." Aliilaza simu juu ya lile gauni, taratibu. "Yeye na Ausi wamejuana tangu lini?"

Niliogopa, tena nilimwogopa mwanangu mwenyewe. Alikuwa ananitazama akingoja, na swali litakalofuata nilikuwa nalijua, maana hata mimi ndilo ningeuliza.